Rangi Aliyoitaka Mama

Sanduku la rangi lilifika kwetu siku ileile aliyorudishwa mama kutoka hospitali. Daktari alituambia tukamuuguzie nyumbani, na wote tuliosimama pale tulijua maana yake. Mama mkubwa, dada yake, ndiye aliyejifanya hajui. Aliendelea kununua mapapai, eti mgonjwa akipata nguvu atayala.

Sanduku lile mama alikuwa ameliagiza mwenyewe kabla hajashindwa kutoka kitandani, kupitia jirani yetu Mkenya aliyekwenda Nairobi kufuata nguo za kuuza. Mama alikuwa fundi cherehani hapa Mengo, na alikuwa amechoka kuniona nikiazima rangi za wenzangu chuoni na kurudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Hasira ninayo ya kuzaliwa, sikatai.

Nililifungulia kando ya kitanda chake. Brashi mpya huja na nywele zilizogandishwa kwa gundi ili zisivunjike njiani, na mwenye pupa akizichovya hivyohivyo anaziua. Kwa hiyo nilizisuuza polepole, huku bakuli la uji likipoa pembeni. Mgonjwa haulizwi uji, nasi hatukumuuliza. Tulimpa, naye akageukia ukutani. Nikabandika karatasi nzito juu ya ubao kwa utepe ili isijikunje, nikaanza kujaribu rangi za kahawia moja baada ya nyingine, nikiziweka karibu na mkono wake. Nilitaka kumchora. Nilitaka niipate ngozi yake angali yupo.

Nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, jambo lililowashangaza majirani, kwa sababu hapa mjini wengi hukiona lugha ya askari. Na kweli kililetwa na askari. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, Kiganda hakijui, na mama naye hakijui cha kwao baba, wakakutana katikati. Nilipokuwa mdogo baba alihamishiwa upande wa kwao, akaoa huko, hakurudi. Kiswahili chake kikabaki nyumbani. Mama alikiongea kwa ulimi wake wa Kiganda, herufi l na r akizibadilishana, na kwake kila kitu kilikuwa "yangu", kiwe mtu, kiwe kiti, kiwe sufuria.

"Mimi nataka ona langi yangu mbele ya kuenda," alisema.

Nilifurahi mno. Rangi yake, si ndiyo? Ameinunua mwenyewe, ana haki ya kuiona kabla hajaondoka. Nikampigia mistari mipana ya njano, ya bluu nzito, ya kijani, nikainua karatasi mbele ya uso wake. Akaitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. Akasema ni nzuri. Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu, yakaenda mlangoni.

"Umereta langi yangu?"

Nikadhani macho yanamfifia, zile hazionekani. Nikafungua nyekundu. Nikafungua zote, hata nyeupe ambayo kwenye karatasi nyeupe haina kazi. Mpaka kufika mchana ukuta wa kitandani ulikuwa umejaa karatasi zangu, na mama bado aliuliza. Nikaanza kukasirika, nikamwambia jamani mama, rangi ndizo hizi.

Mama mkubwa aliingia na beseni la maji, akasimama, akasikiliza. "Wewe mtoto," akaniambia, "hataki hizo zako. Anaita bwana yake."

Akanieleza huku akikamua kitambaa. Kule kambi ya polisi, tulikoishi kabla baba hajahamishwa, watu waliitana kwa kabila: Acholi, Lugbara, Langi. Baba alikuwa wa Walangi, na tangu siku ya kwanza mama hakumwita jina jingine. Langi njoo ule. Langi yangu amechelewa kazini. Mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka, na baba alipoondoka jina lake halikutajwa tena nyumbani. Picha zake mama alizichoma zote.

Nilikaa chini na brashi mkononi, maji yananidondokea mapajani. Niliumia. Tena niseme kweli, wivu ndio ulioniumiza. Mimi ndiye niliyemwosha, mimi ndiye niliyemgeuza ubavu, na huyu aliyetutupa ndiye aliyeitwa.

Hata hivyo nikampigia simu. Namba niliipata kwa mama mmoja tuliyekaa naye kambini. Baba aliuliza kama mgonjwa anaweza kula, kisha akasema atapanda basi Jumamosi. Nikamwomba angalau atume picha yake mapema. Akasema simu yake ni ile ndogo ya tochi. Nikamwambia mama kwamba Langi anakuja. Aliomba avalishwe gomesi yake ya kijani, lile gauni la heshima la wanawake wa Kiganda. Ikamzidi ukubwa kila upande, mama mkubwa akaibana mgongoni kwa pini.

Jumamosi ikapita. Ahadi ni deni, lakini wapo wadaiwa wasioona haya. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jumapili mama alikuwa bado ndani ya gomesi, hakukubali avuliwe, na kila hatua ilipopita kibarazani aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Nilishindwa kukitazama kile kichwa kikiinuka.

Nikaufunga mlango. Tangu utoto waliomjua wameniambia mimi na baba ni kama shilingi kwa ya pili, basi nikaegemeza kioo dirishani, nikabandika karatasi mpya, nikajichora. Taya nikalipanua. Nikaweka masharubu, na kofia ya polisi. Ngozi ya watu wa kwao ni nyeusi kuliko ya kwetu, lakini chuoni tunakatazwa kutumia rangi nyeusi kwenye uso, inaua mtu. Nikachanganya kahawia na bluu nzito mpaka ikakubali. Sikuwahi kuchora vizuri namna ile. Nasema hivyo bila kujivuna, kwa kuwa nililia muda wote.

Nilimwekea mbele ya uso. Alitazama, akatazama.

"Masikio," akasema. "Makubwa kidogo."

Nikayalowesha kwa brashi, nikayapanua. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi ikiwa bado mbichi, akailaza kifuani na kuifunika kwa kiganja. Rangi ikamshika vidoleni na kwenye gomesi.

"Umecherewa, Langi," akasema. "Lakini umekuja."

Mama mkubwa alinitazama aone nitafanya nini. Nikashusha sauti kadiri nilivyoweza, nikamjibu, "Nimekuja."

Akalala. Hakuuliza tena, wala hakuinua tena kichwa, na wiki haikuisha akafariki. Mpaka leo sijui kama aliamini au alinihurumia.

Baba alifika siku ya mazishi, asubuhi, watu wakiwa bado wamejaa uani wakisubiri gari la kwenda kijijini kwao mama. Sikumtambua. Alikuwa mzee mfupi, mwenye uso mpana na masikio madogo yaliyolala, na hatukufanana hata kidogo; walioniambia tunafanana walikuwa wakinipa cha kushika tu. Mama mkubwa alimwingiza chumbani, akampa kiti, akamwendea chai kama mgeni yeyote.

Ile picha nilikuwa nimeibandika ukutani, na alama ya kiganja cha mama ilikuwa imeukokota uso upande mmoja. Aliitazama kitambo kizima, kofia magotini.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Ni mume wake," nikamjibu.

Akatikisa kichwa polepole, akasema hakujua kwamba aliolewa tena.