Mbio za Zahanati, Mwaka wa Simba

Mikorosho ikichanua hutoa harufu ya utamu uliochacha kidogo. Watu wengi huipenda. Mimi, hata leo na utu uzima wangu, ikinifika puani hugeuka kwanza kutazama nyasi, na nitawaambieni sababu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kijijini kwetu upande wa Chinongwe, Ruangwa. Mwalimu wa michezo alikuwa amenichagua nikaiwakilishe shule yetu huko Nachingwea katika mbio ndefu, na kila asubuhi nilikimbia peku hadi zahanati ya kijiji cha pili na kurudi. Baba yangu, Mmakua aliyehamia kutoka Msumbiji, alikuwa katekista, mwalimu wa dini wa kigango chetu cha Kikatoliki. Saa ya mkononi hakuwa nayo, hivyo alinifundisha kuipima njia kwa rozari. Nikikimbia vizuri, rozari moja ilinifikisha zahanati. Kwa akili zangu za kitoto, Bikira Maria ndiye aliyekuwa kocha wangu.

Kisha simba wakaja. Walimkamata mama mmoja akifyeka chini ya mikorosho yake, mchana kweupe. Mazoezi yakasimama. Hata kisimani tulikwenda kwa makundi, tukigonga madebe.

Wiki hiyohiyo Mama akashikwa na uchungu. Alasiri, Bi Zaituni, jirani yetu aliyekuwa mkunga, alitoka ndani akifuta mikono kwa kanga.

"Katekista, mtoto ametanguliza mguu. Mimi hapa siwezi. Mganga wa zahanati aje na pikipiki yake, upesi!"

Baiskeli yetu ilikuwa Nkowe kwa baba mdogo. Wanaume wa jirani walikuwa porini wakiwasaka simba. Baba aliutazama mguu wake wa kushoto, uliopinda tangu alipoanguka kutoka juu ya mkorosho, kisha akanitazama mimi.

"Fausta, mwanangu, kimbia. Mungu yupo mbele yako."

Hakupepesa macho. Dakika ile nilimchukia.

Njia yote ilipita katikati ya mikorosho iliyochanua, na chini yake nyasi zilinifika kifuani. Nilianza Salamu Maria, lakini kila nilipofika "sasa na saa ya kufa kwetu" ulimi ulikwama. Nikaanza upya, tena na tena. Nadhani mbinguni walisikia nusu sala mia moja siku ile. Bondeni nyasi zikacheza, kitu kikatoka kwa kishindo. Alikuwa ngiri, mkia juu. Nilijikojolea, wala sikusimama. Kuanzia hapo nilibakiwa na neno moja tu, Yesu, Yesu, kwa kila hatua.

Mganga aliacha ugali wake mezani, akachukua mkoba, akanipakia nyuma ya pikipiki. Tuliporudi bondeni tukamkuta Baba. Alikuwa akichechemea njiani, panga mkononi, shati limelowa jasho, akiliita jina langu kwa sauti iliyokwisha. Niliruka chini, mganga akaendelea.

"Baba, mbona umemwacha Mama?"

"Yuko na Bi Zaituni."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakibonyezabonyeza kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kisha tukarudi nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma.

Mdogo wangu Beatus alizaliwa salama, miguu kwanza. Mama akapona. Nachingwea nilishika nafasi ya nne tu. Huko hakukuwa na simba wa kunifukuza.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alikuwa mtu wa imani asiyejua woga, na mimi Mkristo dhaifu niliyelowanisha gauni. Hadi siku moja, mimi mwenyewe nikiwa na binti wa miaka kumi na miwili, Mama akaniambia kilichotokea nilipoondoka. Baba alikwenda nyuma ya jiko, akatapika. Mama alimsikia kupitia ukuta, katikati ya uchungu wake. Halafu akasikia panga likichomolewa kwenye makuti ya paa.

"Babako aliogopa kuliko wewe," Mama alisema.

Baba alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa. Nikauhesabu umri wake wa siku ile. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mdogo kuliko mimi nilivyo leo.