Bahari Niliyoiona Kwenye Ngano

Nakumbuka mchana mmoja wa upepo, mwanangu, nikiwa juu ya kombaini, mashine ya kuvunia, ya shamba la serikali, chini ya Mlima Hanang. Dereva alikuwa mjomba wangu Boay. Ngano ilikuwa imeiva. Upepo ukishuka mlimani, ngano yote iliinama, ikainuka, ikainama tena, mpaka kule macho yanakoishia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na sikuwa nimewahi kuiona bahari. Nikajiambia, bahari ndiyo hii.

Hapo ndipo nilipopotea.

Jeshi lilikuwa limenikubali nisomee uofisa, nami nilitakiwa kuchagua chuo. Kimoja kilikuwa cha nchi kavu, ambako ningejifunza ufundi wa magari na mitambo. Kingine kilikuwa cha wanamaji, huko pwani. Nikamwambia mjomba, kwa sauti ya kushindana na injini, kwamba nakwenda kwa wanamaji.

Akazima injini. Hakuwa mtu wa kuzima injini hovyo wakati wa mavuno.

"Wewe? Mtoto wa kijiji cha Nangwa? Umeogelea wapi, kwenye josho la ng'ombe?"

"Nitafundishwa, mjomba."

"Kufundishwa utafundishwa. Nakuuliza, unapenda nini huko?"

Nikamwonyesha ngano kwa mkono. "Si kama hivi?"

Alicheka mpaka akavua kofia. Kisha kicheko kikamwisha. "Sikiliza, mpwa wangu. Kila likizo nakukuta karakana, umelala chini ya trekta, na hakuna aliyekutuma. Huko majini utalala chini ya nini?"

Swali lile lilinichoma, nami nikajibu kwa kiburi cha msomi: mtu ambaye hajawahi kupita Babati atajuaje mambo ya bahari? Mjomba alivaa kofia yake, akawasha injini. Tukavuna mpaka jua lilipozama.

Nikaenda pwani. Nilipewa sare nyeupe, na kwa siku chache nilijiona mzuri sana. Meli nayo ina injini, usidhani sikujua. Lakini mimi niliomba kazi ya juu, mahali pa kutazama maji. Nikayatazama. Yaliinama, yakainuka, yakainama tena, na tumbo langu likafuata. Wenzangu walizoea. Mimi kila asubuhi nilitafuta mlima, nikakuta mbingu tupu. Siku moja, nusu nikiwa ndotoni, nilinyoosha mkono nje ya ukingo wa meli kama mtu anayetaka kuvunja suke la ngano. Nikarudisha kiganja kilicholowa chumvi.

Sikumaliza. Nikaomba kuhamia chuo kile cha kwanza, nikaambiwa nafasi yangu ilishapewa mwingine. Nikarudi nyumbani bila cheo. Mjomba nilimkuta karakana, amejaa grisi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Enhe, josho lilikuwa na kina?"

Tulicheka wote wawili, mwanangu, ila mimi nilikuwa nalia. Kisha akanipa spana.

Leo ngano ile haipo, mjomba hayupo, na bado nikifumba macho upepo unashuka mlimani. Na wewe umekubaliwa na vyuo viwili vya jeshi, unaniuliza kipi kina heshima zaidi. Mimi siwezi kukuchagulia. Ila usichague sare, wala picha uliyoijenga kichwani ukiwa mbali. Mtafute aliyepita huko, umuulize anafanya nini siku ya kawaida, siku isiyo na gwaride. Kisha jiulize ni kazi gani unaikimbilia bila kutumwa na mtu, uende inakopatikana. Na anayekupenda akikucheka, usimjibu haraka. Kicheko chake huenda kina swali ndani.

Nakupa nyasi mbichi mkononi, ndiyo baraka yetu ya safari, kama wazee walivyonipa mimi. Uende kwa amani. Popote utakaposimama, ardhi au maji, miguu yako ipatambue kuwa ni pako, na siku ya kurudi uukute mlima ukikungoja.