Sauti ya Nathanaël Saa Nane Mchana

Charlène alijifunza kompyuta kwa kuzifungua. Meza yake iko karibu na soko la Nyawera, chini ya ngazi za nyumba ya ghorofa, na watu humletea mashine zilizonyeshewa, zilizoangushwa, zilizoingiwa na mende. Lakini mambo ya ndani, yale yasiyoshikwa kwa bisibisi, alifundishwa na Nathanaël, fundi wa sauti wa redio ndogo iliyo mlimani juu ya soko. Walisoma sekondari pamoja. Watu walidhani watachumbiana. Wenyewe hawakuwahi kulizungumza, na halitazungumzwa tena: msimu wa mvua uliopita, gari alilopanda Nathanaël lilipinduka katika njia ya Walungu, naye akafa hapo hapo.

Ilibaki sauti yake. Kompyuta ya redio ilikuwa na mifumo miwili: Windows, waliyoizoea watangazaji, na Linux, ambayo Nathanaël aliiweka ili vipindi vya alfajiri vijiendeshe vyenyewe. Ikiwashwa, ilionyesha kwanza majina ya mifumo yote miwili na kungoja mtu achague. Asipochagua, iliingia Linux. Kwa hiyo hata baada ya mazishi, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mji uliendelea kumsikia: "Bukavu, mumeamukaje? Usiku imepita, na siye tungali hapa." Pale redioni hakuna aliyejua namna ya kuiondoa, wala aliyetaka kujifunza.

Kisha virusi vikaingia. Papa Alphonse, mkurugenzi, alimwita mtu, naye akaweka Windows upya. Windows ile mpya ilijiweka mbele, majina mawili yakapotea, na kompyuta ikawa inaingia Windows moja kwa moja, kana kwamba upande wa pili haukuwahi kuwepo. Alfajiri ikawa kimya. Wasikilizaji wakapiga simu. Mmoja aliuliza kama Nathanaël amekufa tena. Ndipo Papa Alphonse akamwita Charlène.

Alipanda asubuhi na kukuta kiti bado kimeshushwa chini kabisa, kama Nathanaël alivyokipenda kwa ajili ya miguu yake mifupi. Hakukipandisha. Alichomeka flashi yenye Linux, akaiwasha kompyuta kupitia hiyo, kisha akaichungulia diski. Sehemu ya Nathanaël ilikuwa nzima, haikuguswa. Kilichokosekana ni ile programu ndogo inayoamka kabla ya mengine yote na kuuliza ni mfumo upi uwashwe. Akiwa kwenye flashi aliingia katika sehemu ile, akaandika amri ya kuirudisha programu hiyo mahali pake, halafu amri nyingine ya kuitafutia mifumo iliyomo. Linux ikatajwa. Windows ilichelewa hata akaanza kuogopa, kisha nayo ikatajwa. Akachomoa flashi, akawasha upya, na majina yote mawili yakatokea.

Alipoingia upande wa Nathanaël, kompyuta ilimwamkia kwa jina la mwenyewe: "Karibu, Nathanaël." Charlène aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akaaga, akashuka Nyawera. Hakutazama saa ya kompyuta.

Mchana ule Ornella, mtangazaji, alikuwa akisoma matangazo ya vifo. Alikuwa amefika kwenye jina la mzee mmoja na mahali matanga yalipo, pale sauti ilipoingia juu ya sauti yake, changamfu na safi: "Bukavu, mumeamukaje? Usiku imepita, na siye tungali hapa." Ornella alivua vifaa vya masikioni, akatoka nje. Sokoni, kwenye redio za wauza nguo na wapakuzi wa mizigo, watu wengi walisikia, wengine wakapiga ishara ya msalaba. Charlène naye alisikia, akiwa na kompyuta ya mteja iliyofunguliwa mbele yake.

Alipanda tena mbio na kuona kosa. Aliyeweka Windows aliiacha ifuate majira ya nchi ya mbali, na majira hayo yakaandikwa ndani ya mashine yenyewe. Linux iliyasoma na kuyaamini. Kwake ilikuwa alfajiri. Charlène alimweleza Papa Alphonse hayo yote kwa utulivu, akarekebisha saa, lakini Ornella hakukubali kurudi ndani siku hiyo.

Wakiwa bado wanaongea, Maman Emérence aliingia, mama yake Nathanaël, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Hakuwa amevua aproni. Charlène alianza kuomba msamaha kwa ajili ya sauti ile iliyotoka saa isiyo yake, akaahidi kwamba kesho itatoka asubuhi kama zamani. Mama alimwacha amalize.

"Mutoto yangu, nilimuzika," alisema. "Nilitupa udongo na huu mukono. Na kila asubui muko munamuamusha, munamutuma kazi."

Charlène alidhani siku zote kwamba mama yule aliishi kwa kuisubiri sauti ile.

"Ile ordinatere, hii kompyuta yenu, ilipokufa," Maman Emérence akaendelea, "nililala. Mara ya kwanza tangu matanga, nililala mupaka kukacha."

Charlène akamuuliza kama aifute sauti hiyo.

"Apana. Sisemi mumufute. Mumuache apumuzike."

Charlène alibaki peke yake kuiondoa salamu ile kwenye ratiba. Kando ya salamu hiyo alikuta rekodi yake ya kwanza, ambayo haijakatwa, akaiweka masikioni. Kulikuwa na kikohozi, kiti kikisogezwa, kicheko. Kisha sauti ya Nathanaël, si ile ya kazi bali ya kawaida: "Charlène, funga mulango, kelele inaingia." Hakukumbuka kuwapo siku hiyo. Alijaribu sana kukumbuka, akashindwa, na hilo ndilo lililomliza.

Siku hizi alfajiri hufunguliwa na Ornella, akiwa hai na mwenye usingizi. Charlène hupanda pale mashine inaposumbua. Maman Emérence humsalimia sokoni na kumuuliza habari za kazi, lakini Charlène bado hajamwambia habari za rekodi ile.