Kona ya Nyuma Kushoto

Mshonaji wa sare za shule alikuwa mwepesi wa hofu. Wingu halijakusanyika, yeye keshaanua nguo. Mumewe, fundi redio mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Masikio, alimbatiza Kamati ya Maafa.

Ila hofu moja hakuwahi kuitamka. Usichanani mwake, yeye na wenzake watatu walirekodi wimbo studioni, kila mmoja kwenye kona na maikrofoni yake. Ilikuwa tepu ya njia nne, fasheni ya siku zile, ili sauti nne zitoke kona nne za chumba. Siku hiyo koo lilimkauka, na kwa haya akachezesha midomo tu.

Nyumbani tepu ilipigwa kwa spika mbili, sauti zote zikivurugana kama nguo kwenye beseni moja, hivyo hakuna aliyegundua. Masikio alikuwa akifumba macho mbele ya wageni na kusema, "Msikieni mke wangu." Hapo mkewe alikuwa akikumbuka ghafla kazi ya jikoni.

Jumamosi moja binti yao akaleta mashine mpya ya muziki yenye spika tano.

"Tepu yako ina njia nne, Baba. Spika moja itakaa bure."

"Hiyo ya mama yako, ya kutangazia hatari."

"Umeme wa leo siuamini," mama akajaribu. "Na kochi litaziba sauti."

Masikio akasogeza kochi. Akaiunganisha mashine yake kuukuu ya tepu na ile mpya kwa nyaya nne, akaweka spika kila kona. Ya nyuma kushoto ilikaa kando ya cherehani. Kona ile ile aliyosimama mkewe siku ile studioni.

Wimbo ukaanza. Sauti tatu zikaja safi, kila moja kutoka kona yake. Kando ya cherehani, kimya.

Binti akatega sikio. "Hii mbovu. Tumeuziwa kimeo. Nairudisha dukani leo leo, na yule muuzaji atanitambua." Akaanza kuchomoa waya.

Mama akaona mtu wa watu anakwenda kutukanwa kwa ajili yake.

"Iache. Spika haina kosa. Mimi ndiye sikuimba."

Wimbo ukafika mwisho. Na kwenye ile spika, peke yake, kikatoka kikohozi kidogo.

Masikio akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka thelathini, bibie. Unadhani siku ile studioni, hedifoni za fundi mitambo alivaa nani?"

"Ulijua?"

"Nilikuwa nasikiliza kona moja moja. Kwako hapakuwa na sauti; ulikibana kikohozi mpaka wenzako wamalize, ndipo ukakohoa. Nikasema, huyu hawezi kumharibia mtu kazi. Huyu nitamuoa."

"Na hiyo 'msikieni mke wangu'?"

"Si nilikuwa nakusubiri useme? Halafu ule uso wako, mama, ningeupata wapi kwingine?"

"Una roho ngumu, mzee." Akamchapa begani kwa futi kamba, si kwa nguvu. Kisha akavuta kiti chake cha kushonea mpaka kando ya spika. "Rudisha mwanzo."

Sauti tatu zikaanza tena. Kwenye kona ya nyuma kushoto, mtu akajiunga nazo, kwanza kwa woga.

"Kamati," Masikio akasema macho yamefumbwa, "umechelewa nusu beti."