Karatasi ya Mazoezi

Mwalimu wetu hakufundisha Kiingereza cha kupigia soga. Alifundisha Kiingereza cha karatasi tu: fomu, risiti, leseni, barua ya kazi, cheti cha kuzaliwa. Ukimwuliza namna ya kumwambia mtu unampenda, alikujibu ukaulize kwingine. Tulimwita Mama Fomu, naye alijua na wala hakukasirika.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mapokezi. Alichoka, alisema, kuona watu wazima wenye wajukuu wakitokwa jasho mbele ya kaunta, wakimnyooshea mtoto wa juzi karatasi awajazie. Alipostaafu akapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya shule, akaweka mabenchi manne na ubao, akaanza kutufundisha kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Mimi, fundi viatu, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha na wa mwisho kuelewa.

Alikuwa na mtindo wake. Hakupenda karatasi za kubuni. Kila mtu alete fomu ya kweli, aandike jina lake la kweli na mambo yake ya kweli, kwa kalamu ya wino. Neno likikushinda, alisema, tazama majirani zake, maneno ya kando, watakwambia linafanya kazi gani. Akiridhika na kazi yako, alijaza nafasi ya shahidi kwa mkono wake mwenyewe: jina, sahihi na namba ya kitambulisho, ili tuone karatasi iliyokamilika inavyokuwa. Zangu nilizibandika ukutani juu ya kitanda.

Benchi la mbele alikaa Mama Pacha, dobi wa hospitali. Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akamwachia watoto wawili na nyumba ya vyumba viwili yenye kibaraza. Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu chake. Katikati ya mwaka shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye akajiunga na darasa. "Nisimwache shemeji yangu asome peke yake," alituambia, na wanawake wakamsifu kwa utu wake.

Mimi hakunikaa rohoni. Alikuwa mpole kupita kiasi, anafuta ubao kabla ya kuombwa, anamfungulia mwalimu mlango. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tena siku moja nilimkuta kituoni anasoma gazeti la Kiingereza, anacheka peke yake. Mtu huyo huyo darasani alikuwa akijifanya hajui neno la anwani! Nilinyamaza. Nilijiambia mambo ya familia ya watu hayanihusu, na kunyamaza huko kunanichoma mpaka leo.

Alhamisi moja akaja na bahasha ya fomu kumi na mbili, mpya, za kuhamisha umiliki wa nyumba. "Mwalimu, nina rafiki yangu ofisi ya ardhi," alisema. "Nimeona leo tusihangaike na nakala."

Mama Fomu akafurahi kweli. Alituandikia maneno ubaoni, moja moja: mwenye nyumba, kiwanja, hiari, shahidi. Tukajaza. Mimi sina nyumba, nikahamisha kibanda changu cha viatu. Mama Pacha akaandika namba ya kiwanja chake bila kutazama popote, akatia sahihi nzuri, ndefu.

"Na hapa kwa anayepokea tuandike nini?" aliuliza.

"Paacheni wazi," shemeji akadakia. "Si ndiyo somo la Jumanne, Mwalimu?"

"Sawa, tutapajaza Jumanne," akasema mwalimu, akaanza kupita benchi kwa benchi akitia sahihi zake. Shemeji akajitolea kuzikusanya. Jumanne tulikuta mezani kumi na moja tu, na yeye hakurudi.

Mama Fomu alizihesabu mara tatu. Alitafuta chini ya mabenchi, alitafuta nyuma ya ubao. Somo halikuendelea siku ile. Alisimama dirishani akishika shingo yake.

Wiki ya tatu watu wawili wenye futi ya kupimia walifika nyumbani kwa Mama Pacha, wakapima kibaraza bila salamu, wakamwachia barua. Aliileta darasani. Alitusomea yote kwa Kiingereza, wima, bila kukwama: siku kumi na nne, kuhama, mmiliki mpya. Mwalimu hakuwa na neno la kumsahihisha.

"Mwalimu," alimaliza, "wanasema wewe ni shahidi wao."

Kesho yake tulikwenda ofisi ya ardhi watatu: mwalimu, Mama Pacha na mimi. Karani akaitoa karatasi. Sahihi zilikuwa za Mama Pacha na mwalimu, na kwenye nafasi ya anayepokea palikuwa na jina la shemeji.

"Mama, ukiandika kwamba haya yalikuwa mazoezi, uhamisho utasimama," karani alimwambia mwalimu. "Lakini utakuwa umekiri kushuhudia hati ya uongo. Na maelezo bila wewe mwenyewe kuyathibitisha hayana nguvu. Umenielewa?"

"Nipe karatasi," alisema Mama Fomu.

Aliandika kurasa mbili. Karani akazichukua, akamwambia asubiri risiti, akatoka hadi kwenye korido tulikokaa mimi na Mama Pacha. Alitutazama, mimi na gundi yangu vidoleni, yeye na mikono yake iliyochubuliwa na sabuni, akaona hatuna shida, Kiingereza hatukijui. Akapiga simu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema waje wawili na gari. Alisema mtuhumiwa ni mwanamke mzee, hana fujo, anadhani anasubiri risiti.

Mama Pacha alinishika mkono, akauachia. Mlango wa nyuma wa ofisi ulikuwa wazi, na mwalimu akipita hapo kabla ya kuyathibitisha maelezo yake, nyumba inakwenda na maji. Nilimwona Mama Pacha anautazama mlango ule. Kisha akainuka, akaingia ndani.

"Mwalimu, wanakuja kukukamata. Amesema kwenye simu. Ondoka."

Mama Fomu akauliza, "Alisema kwa Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Na umeelewa yote? Hata neno la mtuhumiwa? Hilo sikuwafundisha."

"Nimetazama majirani zake," alisema Mama Pacha, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, akatabasamu, mara ya kwanza tangu ile Jumanne. Akavuta kiti karibu na meza, akakaa. Nje gari lilikuwa linaingia getini.