Maulidi ya Kupona kwa Bi Laila

Shangazi yangu Laila, mshona kofia wa Mtambile, alikatwa uvimbe kwenye kaakaa. Ilikuwa saratani ya vijitezi vya mate. Akachomwa mionzi Dar es Salaam, kinywa kikamkauka, na tangu hapo hali tonge bila kikombe cha maji pembeni.

Binamu yake, Shadya, naye aliugua saratani ya tezi ya mate, ila yake ilikuwa chini ya sikio, tena aina isiyo kali. Akapasuliwa, jicho moja likabaki halifumbi vizuri, basi. Baada ya miaka mitano daktari akamwambia asihangaike tena na safari. Shangazi aliambiwa vingine. Yake ya kaakaa hutambaa polepole na huweza kuibuka hata baada ya miaka kumi, mara nyingi kwenye mapafu. Kila mwaka arudi apimwe.

Akawa anakwenda. Halafu ukoo ukaamua asomewe maulidi ya shukurani. Mumewe, Mjaka, akachinja ng'ombe, mtaa mzima ukala na kumwombea. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mpaka leo nina hasira.

Ulipofika wakati wa kupimwa, Mjaka akasema, "Watu washakula shukurani yako, Laila. Leo ukapande boti ukatafute maradhi, si kumkadhibisha Mungu huko?"

Shadya, kwa nia njema kabisa, akaongeza, "Mie mbona siendi, na mzima?"

Kana kwamba maradhi yao yalikuwa mamoja! Shangazi aliona haya kuliko alivyoogopa. Angewatazamaje waliomwombea? Mwaka ule hakwenda, na uliofuata hakwenda.

Akaanza kukohoa kikohozi kikavu kisichokwisha. Nikamwita Shehe Silima, aliyeongoza maulidi yale, aseme mbele ya Mjaka.

"Tulishukuru kwa tulichopewa," Shehe alisema. "Hatukuweka nadhiri ya kuacha hospitali. Nenda, Bi Laila."

Nikaenda naye. Daktari alikuta madoa kwenye mapafu yote mawili. Akasema yanakua taratibu, na anaweza kuishi nayo miaka mingi. Shangazi akauliza, je, angekuja mapema?

Daktari akaitazama tena picha ya mapafu. "Pengine tungelikuta doa moja, tukalikata."

Tuliporudi, Mjaka alikuwa kizingitini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Wamesemaje?"

"Wamesema nitaishi miaka mingi," Shangazi akamjibu, akavua viatu akaingia ndani.

Lile jingine hakumwambia, na mimi alinikataza.