Pa Kumpisha Geoffrey

Valentine alikuwa dereva wa familia moja pale Riyadh, na ukitaka kujua dereva mzuri ni nani, usiwaulize wale wanaume wa mtaa wa Olaya wanaopiga honi kabla taa haijawa kijani. Muulize madam wake. Valentine ndiye aliyewapeleka mabinti wawili wa nyumba ile shuleni na kuwarudisha, na kwao Kakamega alikuwa ameendesha basi la shule, kwa hivyo makelele ya watoto hayakumsumbua. Ila moja tu alikuwa nayo. Barabara ikiwa wazi kabisa, hakuna gari wala mtu, mara ungemwona anasogea upande kama anayempisha mtu, kisha anarudi mahali pake.

"Unampisha nani, Valentine?" madam alimuuliza siku moja.

"Paka, madam."

Paka wapi! Alikuwa mumewe.

Geoffrey alikuwa dereva wa lori, akiishi na wenzake Al-Mahjar, Jeddah. Mtoto wao Alvin walimwachia nyanya yake Kenya, wakaja kutafuta, mmoja Riyadh, mwingine Jeddah, na kuonana kwao kukawa kwa simu. Siku moja Geoffrey alishuka kwenye barabara kuu aangalie tairi, gari likamgonga, halas. Akazikwa huko huko Jeddah. Valentine hakupewa ruhusa ya kwenda. Tangu hapo akawa anamwona. Chumbani hakuja, ndotoni hakuja. Alitokea barabarani tu, na ovaroli yake ya buluu, akivuka polepole huku amempa mgongo. Valentine aliogopa hadi viganja vikatoka jasho, na papo hapo alifurahi, kwa sababu afadhali mgongo kuliko kutomwona kabisa. Basi akampisha. Alishagongwa mara moja, na Valentine aliapa kwamba gari la pili halitakuwa lake. Riyadh barabara ni pana, nafasi ya kusogea ipo. Na angemwambia nani? Madam angesema dereva ana majini, na wiki hiyo hiyo angekatiwa tiketi ya kurudi.

Kiangazi kilipofika, madam akaamua likizo iwe kwenye kisiwa cha Ugiriki, yeye na mabinti, bosi, mumewe, abaki na kazi zake. Valentine akatafutiwa leseni ya kimataifa. Huko kisiwani mzee wa magari ya kukodi akawaonyesha kigari kidogo. Madam hata hakukikaribia. Alitaka lile kubwa la viti saba.

"Njia zetu ni nyembamba," mzee akasema.

"Mafi mushkila, hakuna shida. Nina dereva."

Mzee akaachana na madam, akamgeukia Valentine. Apige honi kabla ya kila kona. Ateremke kwa gia ndogo. Na penye kokoto asikanyage breki kwa nguvu, gari litateleza limshinde. Valentine akalizunguka gari akipiga picha kila mkwaruzo, akakagua tairi, akawafunga watoto mikanda kwa mikono yake. Kazi yake aliijua. Tena moyoni alijichekea: Geoffrey hana viza ya huku, leo napumzika.

Kumbe! Walipokuwa wakiteremka kwenda ufukoni, mwamba kushoto, kulia genge tupu na bahari huko chini, ovaroli ya buluu ikatoka mwambani. Valentine akakanyaga breki. Gari likaserereka juu ya kokoto, likaenda lenyewe hadi ukingoni, likasimama tairi la mbele likichungulia maji. Mabinti walipiga mayowe. Madam hakupiga. Alimshika Valentine mkono, akasema, "Wanangu, Valentine. Hawa ni wanangu." Afadhali angemtukana.

Nyumba waliyopanga ilikuwa juu mlimani, na njia ni hiyo moja. Madam hakujua kuendesha. Valentine alitaka kusema waite teksi, lakini dereva anayeogopa barabara ataulizwa analipwa ya nini. Kesho yake, kabla wengine hawajatoka, aliingia garini peke yake akasema kwa sauti:

"Baba Alvin, nakuomba, usije huku. Huku sina pa kukupisha. Nimebeba watoto wa watu."

Akaja. Walipokuwa wakiteremka wote, pale pale penye kokoto, na basi la watalii likipanda upande wa kushoto. Kulia genge, kushoto basi, na breki ndiyo hiyo iliyotaka kuwaua jana. Na safari hii, haki ya Mungu, hakumpa mgongo. Alisimama mbele ya gari akamtazama Valentine usoni, ndevu hajanyoa, macho ameyafinya kwa sababu ya jua, Geoffrey yule yule wa siku zote. Valentine alitamani kufumba macho. Hakuyafumba. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari katika gia ya pili, akampitia mumewe katikati.

Hakuna kilichogonga. Nyuma mabinti walikuwa wakibishana juu ya aiskrimu.

"Leo umeendesha vizuri," madam akamwambia walipofika chini.

"Asante, madam." Akaenda nyuma ya gari, akatapika.

Geoffrey hakuonekana tena, si kisiwani, si Riyadh waliporudi. Valentine alimtafuta hadi macho yakamuuma. Hatimaye madam akampa ruhusa, akaenda Jeddah. Samuel, aliyekuwa na Geoffrey siku ile ya ajali, akampeleka kaburini, kisha wakarudi Al-Mahjar, akamtilia chai. Alipoona machozi hayakatiki, alitafuta neno la kumfariji.

"Shemeji, hili likutulize. Hakuogopa. Alikuwa ametazama lori letu, lile gari likamjia kwa nyuma. Hakuliona kabisa."

Valentine akaweka kikombe chini.

"Langu aliliona," akasema.